Rahisi ni ghali: Ichunguze diski kabla ya kuikabidhi kumbukumbu za jamaa

PICHA za jamaa yako ziko wapi? Zamani jibu la swali hili lilikuwa jepesi. Zilikuwa katika albamu, na albamu ilikuwa sebuleni chini ya meza, ambapo kila mgeni aliyeketi alitiliwa mikononi hata kabla ya chai kuletwa. Siku hizi albamu hiyo imehamia katika simu. Picha za arusi, video ya nyanya akisimulia asili ya ukoo, nakala za vyeti vya shule na za hati ya shamba, vyote vimo ndani ya kifaa kidogo ambacho mwizi anaweza kukupokonya dirishani mwa matatu kufumba na kufumbua.

Wengi walikuwa wakijifariji kwamba picha zao zinatunzwa bure katika intaneti. Lakini mnamo Juni 1, 2021, kampuni ya Google ilikomesha nafasi ya picha isiyo na kikomo. Akaunti ya kawaida ya bure ikabaki na gigabaiti 15, ambazo ni za picha, barua na faili nyinginezo kwa pamoja. Zikijaa, ama unalipa kila mwezi au unaanza kufuta.

Ndiyo sababu jamaa nyingi za mjini, na hata wanafunzi wanaoishi chumba kimoja, wanaulizia kile ambacho wataalamu hukiita NAS. Sisi tutakiita ghala la nyumbani. Hiki ni kisanduku chenye diski moja au zaidi, kinachounganishwa kwa waya na ruta yako. Kila simu, kila laptopu na hata televisheni iliyo katika nyumba hiyo huweza kuweka na kuchukua vitu humo. Mama akipiga picha jikoni, baba anaweza kuitazama sebuleni. Tena mambo haya yote hufanyika hata kama malipo ya intaneti yamekwisha, maadamu ruta inawaka.

Si lazima ununue kisanduku kipya. Kompyuta kuukuu ya mezani inaweza kufanya kazi hiyo kwa kutumia programu za bure kama OpenMediaVault au TrueNAS. Lakini hata ukiepuka gharama ya kisanduku, diski huwezi kuiepuka. Na hapa, msomaji mpenzi, ndipo vishawishi vya bei nafuu vinapoanza.

Lengo la makala haya si kukukataza kununua diski ya bei nafuu. Lengo ni kukuonyesha mambo mawili tu: usinunue diski usiyoweza kuipima, na usiikabidhi diski yoyote ile, iwe mpya au kuukuu, kitu ambacho hakina nakala kwingine.

Pima haja yako kwanza

Kabla ya kukimbilia ofa, keti na jamaa yako mhesabu mnahitaji nafasi kiasi gani. Picha ya kawaida ya simu huchukua takriban megabaiti nne. Diski ya terabaiti nne basi inaweza kubeba picha kama hizo milioni moja. Ukipiga picha 20 kila siku, itakuchukua zaidi ya miaka 130 kuijaza!

Video ndizo zinazomeza nafasi. Anayerekodi sherehe kwa kazi yake, au mwanafunzi wa filamu, anahitaji diski kubwa. Lakini jamaa ya kawaida ya baba, mama na watoto watatu, inayotunza picha, stakabadhi na video chache za nyumbani, mara nyingi hutoshelezwa na terabaiti nne. Kununua terabaiti 16 kwa sababu tu zimepunguzwa bei ni kama kununua sufuria ya matanga kupikia watu watano.

Usishtuke pia ukiiweka diski ya terabaiti nne katika kompyuta ya Windows na kuona imeandikwa 3.63. Hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu, yaani terabaiti moja ni baiti bilioni elfu moja, ilhali Windows huhesabu kwa 1,024. Kwa hesabu hiyo hiyo, diski ya terabaiti nane huonekana kama 7.27.

Hesabu ya bei

Wanunuzi wengi hutazama bei iliyobandikwa peke yake. Hiyo haitoshi. Tuchukue mfano. Tuseme duka la kwanza linauza diski mpya ya terabaiti nne kwa Sh16,000, ikiwa na dhamana ya miaka mitatu kutoka kwa mtengenezaji. Duka la pili linauza diski ya ukubwa uo huo, iliyokwisha kutumika, kwa Sh9,000, na mwenye duka anaahidi kuibadilisha ikiharibika katika siku 30.

Gawanya bei kwa idadi ya terabaiti. Ya kwanza ni Sh4,000 kwa kila terabaiti, na ya pili ni Sh2,250. Hapo ya pili inashinda kwa mbali. Sasa gawanya bei kwa muda wa dhamana. Ya kwanza inakugharimu kama Sh440 kwa kila mwezi uliohakikishiwa. Ya pili inakugharimu Sh9,000 kwa mwezi huo mmoja.

Je, hiyo ina maana kwamba diski iliyotumika haifai kabisa? La. Ukiwa na Sh18,000 unaweza kununua mbili za namna hiyo na kuweka nakala ya kila kitu katika zote mbili. Mwenye diski mbili kuukuu zilizopimwa vyema, ambazo haziwezi kwa urahisi kufa siku moja, anaweza kulala usingizi mtamu kuliko mwenye diski moja mpya anayoitegemea kwa kila kitu.

Diski si moja

Hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi ndani ya gunia. Diski mbili zinaweza kufanana kwa umbo, rangi na ukubwa, lakini zikawa zimeundwa kwa kazi tofauti.

Tofauti ya kwanza ni jinsi zinavyoandika. Ndani ya diski mna sahani zinazozunguka, na juu yake data huandikwa kwa mistari. Katika aina iitwayo CMR, kila mstari una nafasi yake. Katika aina iitwayo SMR, mistari hulaliana kama vigae vya paa ili vitu vingi zaidi viingie. Fundi akitaka kubadilisha kigae cha chini ni sharti aondoe vya juu kwanza, na diski ya SMR vivyo hivyo. Ukitaka kubadilisha kitu kidogo, inalazimika kuandika upya mistari jirani.

Kwa diski ya kuwekea nakala mara moja kwa mwezi, SMR haina ubaya, na ni rahisi kwa bei. Lakini katika ghala la diski mbili au zaidi zinazosaidiana, moja ikifa na mpya ikawekwa mahali pake, mpya hiyo huandikwa kwa mfululizo saa nyingi, na hapo SMR hulemewa.

Haya si maneno matupu. Mnamo Aprili 2020, ilibainika kwamba kampuni ya Western Digital ilikuwa ikiuza baadhi ya diski zake za WD Red, za terabaiti mbili hadi sita, zikiwa za SMR bila kuwaambia wanunuzi, ilhali zilitangazwa kuwa za maghala ya nyumbani. Wachunguzi wa tovuti ya ServeTheHome ya Marekani walipoijaribu moja ya terabaiti nne, kazi ya kujaza data upya ilichukua zaidi ya siku tisa. Diski nyingine walizozilinganisha nayo hazikufikisha saa 17. Baada ya malalamiko mengi, kampuni hiyo ilizitenganisha, na zile za CMR zikapewa jina la WD Red Plus.

Kwa hivyo, usiridhike na jina lililo kwenye kifurushi. Soma nambari ya modeli iliyochapishwa juu ya diski yenyewe, kisha uitafute katika tovuti ya mtengenezaji uone kama ni CMR au SMR. Diski za Seagate IronWolf, WD Red Plus na Toshiba N300 zimeundwa kwa kazi ya ghala la nyumbani, na ni za CMR. Seagate BarraCuda, ambazo ni za kompyuta za mezani, kadhaa ni za SMR.

Tofauti ya pili ni kazi iliyokusudiwa. Katika maduka ya vifaa vya umeme jijini Nairobi, hususa kandokando ya Luthuli Avenue, utakutana na diski za WD Purple na Seagate SkyHawk. Hizi ni za kamera za usalama. Zimetengenezwa kurekodi mchana kutwa na usiku kucha, na zikikosea kipande kidogo cha picha husonga mbele bila kusita. Kwa kamera hilo ni jema. Kwa hati ya shamba si jema. Zinaweza kufanya kazi katika ghala, lakini kama bei ni sawa na ya IronWolf, chagua IronWolf.

Tofauti ya tatu ni tundu la kuunganishia. Diski zinazotolewa katika mashine kubwa za makampuni huuzwa kwa bei ya chini ajabu, na nyingi ni za SAS. Kisanduku cha nyumbani na kompyuta ya kawaida hutumia SATA. Diski ya SAS haiingii katika tundu la SATA, na hata ukilazimisha hutafanikiwa. Ukiona terabaiti nane kwa bei ya terabaiti mbili, uliza swali hili kwanza.

Mwisho, chunguza kama kisanduku chako kinaikubali diski hiyo. Mnamo Aprili 2025, kampuni ya Synology ya Taiwan ilitangaza kwamba visanduku vyake vipya vya mwaka huo vya safu ya Plus vingehitaji diski zilizoidhinishwa nayo. Wateja walilalamika, na Oktoba mwaka uo huo kampuni ikalegeza kamba. Orodha ya diski zinazokubalika huwa katika tovuti ya mtengenezaji wa kisanduku. Isome kabla ya kutoa pesa.

Kadi ya kliniki

Kila mama anajua kadi ya kliniki ya mtoto. Humo mna uzani, chanjo na magonjwa. Diski nayo ina kadi yake, iitwayo SMART, ambayo hujiandikia yenyewe tangu siku ya kwanza kuwashwa. Muuzaji anaweza kuisifu diski apendavyo, lakini kadi ndiyo ya kusikilizwa.

Kwa kompyuta ya Windows, programu ya bure ya CrystalDiskInfo huisoma kadi hiyo kwa nukta chache. Mwombe muuzaji aiunganishe diski na kompyuta yake, au ubebe laptopu yako mwenyewe na waya wa kuunganishia. Kumbuka kwamba diski kubwa ya ghala huhitaji waya wenye umeme wake.

Tazama kwanza saa ambazo diski imekuwa ikiwaka. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski iliyoandikwa saa 40,000 imefanya kazi mchana na usiku kwa zaidi ya miaka minne na nusu. Kisha tazama mistari mitatu, wenye nambari 05, wenye C5 na wenye C6. Hii huonyesha vipande vya diski vilivyokwisha kuharibika au vinavyoshukiwa kuharibika. Yote mitatu iwe sifuri. Ukiona hata mmoja si sifuri, mrudishie mwenyewe diski yake kwa adabu, na uende zako. Usibembelezwe na punguzo la Sh500 zaidi.

Mazungumzo huwa hivi:

"Dada, hii ni mpya kabisa. Bei ya kutupa tu."

"Asante, ndugu yangu. Basi tuiunganishe hapa tuone saa zake."

Muuzaji mwaminifu ataiunganisha bila kinyongo. Anayeanza kusema kompyuta imeharibika, au eti ukiifungua karatasi yake umeinunua, amekwisha kukujibu.

Hata hivyo, kadi yenyewe inaweza kughushiwa. Mnamo Januari 2025, shirika la habari za teknolojia la Heise nchini Ujerumani liliripoti kwamba wanunuzi waliouziwa diski za Seagate kama mpya walikuwa wameuziwa zilizotumika. Kadi za SMART zilikuwa zimefutwa zikaonyesha karibu sifuri, lakini kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM ilionyesha diski hizo zilikuwa zimefanya kazi kwa saa 15,000 hadi 50,000. Nyingi zilishukiwa kutoka katika maghala ya China yaliyokuwa yakizitumia kuchimba sarafu ya kidijitali ya Chia, ambayo mwaka wa 2021 iliwafanya watu wanunue diski kwa wingi. Seagate ilisema si yenyewe iliyowauzia wenye maduka diski hizo.

Funzo ni kwamba, kwa diski za Seagate, usikomee kwenye kadi ya kawaida. Programu ya bure ya smartmontools, tangu toleo la 7.4, inaweza kusoma FARM pia. Kama saa za kumbukumbu hizi mbili hazilingani, basi kuna mkono wa mtu. Tazama pia kwa macho: mikwaruzo kandokando ya matundu ya skurubu, kibandiko kilichopinda na tarehe ya zamani ya kutengenezwa juu ya diski inayoitwa mpya.

Tahadhari hii ina uzito zaidi wakati huu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za diski zimekuwa zikipanda kwa sababu makampuni yanayojenga vituo vikubwa vya akili unde yananunua kwa pupa. Bei ya halali ikipanda, laghai hupata soko.

Miujiza ya terabaiti 16

Iko aina nyingine ya udanganyifu, na hii huwanasa wanafunzi zaidi. Katika maduka ya intaneti utaona kidiski kidogo cha kutia mfukoni, kimeandikwa terabaiti 16, kikiuzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wanne. Hakuna muujiza hapo. Vidiski vya namna hii vimewahi kufunguliwa vikakutwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu ndani yake, iliyodanganywa ijitangaze kuwa kubwa. Ukiweka faili za kwanza zinakubali. Ukizidi kiasi chake halisi, inaziandika mpya juu ya zile za zamani bila kukuambia. Utakuja kugundua siku ya kuwasilisha mradi wako chuoni.

Njia ya kuitambua ni kuijaza yote na kuisoma yote. Programu ya bure ya H2testw, iliyotolewa na jarida la Kijerumani la c't, hufanya hivyo. Nayo itumie hata kwa diski halali uliyotoka kununua, ingali tupu. Diski ya terabaiti nne itachukua saa saba au nane kuandikwa, na muda kama huo kusomwa. Iache ifanye kazi usiku, kisha fungua tena kadi ya kliniki. Kama 05, C5 na C6 bado ni sifuri, umepata diski. Kama zimebadilika, irudishe upesi kabla muda wa kurudisha haujapita. Wengi huiacha diski ndani ya kifurushi wiki tano ilhali muda wa kuirudisha ni wiki mbili.

Risiti na dhamana

Maneno "ina dhamana" hayatoshi. Uliza, dhamana ya nani? Ya mtengenezaji hufuata nambari ya siri ya diski, na unaweza kuitafuta katika tovuti yake ukiwa ungali mbele ya meza ya muuzaji. Mara nyingine utakuta dhamana hiyo ilikwisha, au inatumika katika nchi nyingine tu, au diski ilitengenezewa kampuni ya kompyuta na mnunuzi wa kawaida hana haki nayo. Dhamana ya duka nayo iandikwe katika risiti, pamoja na nambari hiyo ya diski, tarehe na muhuri. Risiti iliyoandikwa "diski moja" haitakusaidia.

Ukiagiza kutoka ng'ambo, ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16 kabla ya kushangilia punguzo. Fikiria pia itakugharimu kiasi gani kuirudisha ikifika ikiwa mbovu.

Wako pia wanaonunua diski za nje zenye maganda ya plastiki, ambazo nyakati za ofa huwa na bei nafuu kuliko za ndani, wakazibandua na kuzitia katika ghala. Inawezekana, lakini zipime zingali ndani ya ganda lake, maana ukishalivunja utapata shida kudai dhamana.

Na ukiuziwa kuukuu kama mpya, usinyamaze. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, ya kupewa habari kamili na ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Iko pia Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012. Lakini sheria itataka ushahidi, na ushahidi wako wa kwanza ni risiti ile ile.

Akiba inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba iliyo katika diski moja huoza. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo hutunza data za watu katika karibu diski 300,000, ilitangaza kwamba katika mwaka wa 2024 diski zilizokufa zilikuwa kwa kiwango cha asilimia 1.57. Yaani katika kila diski 100, moja au mbili. Na hizo hukaa katika majengo yenye ubaridi na umeme usioyumba, si juu ya kabati la vyombo karibu na jiko.

Asilimia hiyo ni ndogo kwa mwenye diski 300,000. Kwa mwenye moja, siku itakapokufa atapoteza zote. Kuna mafundi wanaoweza kuifungua na kujaribu kuokoa kilichomo, lakini malipo yao aghalabu huzidi bei ya diski mara nyingi, na hawaahidi kufaulu.

Kwa hivyo, nunua mbili, na ukiweza ziwe za maduka mawili tofauti ili zisiwe zimetoka katika boksi moja na kasoro moja. Kisanduku chenye diski mbili kinaweza kuandika kila kitu katika zote mbili kwa wakati mmoja. Utaratibu huo huitwa RAID 1. Lakini tahadhari! Hiyo si nakala ya akiba. Mtoto akifuta picha za arusi, zinafutwa kote kuwili papo hapo. Mwizi akibeba kisanduku, anabeba zote mbili.

Wataalamu hushauri hesabu ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kitu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa jamaa ya kawaida si mzigo. Nakala ya kwanza ni ya ghala lenyewe. Ya pili ni diski ya nje inayounganishwa mara moja kwa mwezi kisha ikafungiwa kabatini. Hapa SMR ya bei nafuu inatosha. Ya tatu, ya vile vitu visivyoweza kupatikana tena, ipelekwe kwa nyanya mashambani au kwa shangazi wakati wa likizo ya Desemba, na irudi kusasishwa Desemba ifuatayo. Kama kuna vyeti na vitambulisho ndani yake, ifunge kwa neno la siri.

Umeme nao usiusahau. Ghala la diski mbili hutumia kama wati 20. Likiwaka mchana na usiku, hiyo ni karibu yuniti 14 na nusu za tokeni kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayonunulia yuniti ujue gharama yake. Aidha, stima ikikatika ghafla diski ikiwa inaandika, faili zinaweza kuharibika. Tunakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipotumbukia gizani. UPS ndogo, yaani betri ya kushikilia umeme kwa dakika chache ili ghala lizimwe taratibu, ni sehemu ya bei ya diski. Itie katika hesabu tangu mwanzo.

Ukiuza ya zamani

Ukishahamia diski mpya, usiitupe wala kuiuza ya zamani kabla ya kuiandika upya yote. Kufuta faili hakutoshi. Mwaka wa 2009, wanafunzi wa uanahabari kutoka Kanada walinunua diski kuukuu sokoni Tema, Ghana, kwa dola 40, wakakuta ndani yake stakabadhi za kampuni kubwa ya silaha ya Marekani, Northrop Grumman. Kama kampuni ya aina hiyo iliweza kusahau, sembuse wewe na nakala ya kitambulisho chako? Programu ile ile ya kujaza diski yote huziba mwanya huo kwa kiasi kikubwa. Diski mbovu isiyowaka ipige nyundo mpaka sahani zake ziharibike.

Basi, msomaji mpenzi, ofa ikikuvutia mwisho wa mwezi huu, nenda na karatasi yenye maswali haya sita. Je, ni SATA? Ni CMR au SMR? Imewaka kwa saa ngapi? Mistari mitatu ni sifuri? Dhamana ni ya nani na mpaka lini? Naweza kuirudisha katika siku ngapi? Akikujibu yote sawasawa, lipa, chukua risiti, na usiku huo huo anza kuipima. Picha za nyanya ziingie baadaye, baada ya diski kuonyesha inaweza kuzitunza, na nakala yake ikiwa tayari iko kwingine.